Nembo ya injini inabanduka: soma gundi iliyobaki kabla ya kununua nyingine

Vipuri vya pikipiki za Bajaj Boxer vimejaa soko la Kisekka, Kampala, lakini nembo ya injini ya Honda au Yamaha ya miaka ya 1970 ikidondoka kati ya Mukono na Lugazi, imekwenda. Ndiyo maana inafaa kuibandika mara moja ikakaa. Wengi hufanya kinyume: nembo ikilegea wanaikwangua, wanapaka supagluu, na wiki ya pili wanaanza upya. Wanaikwangua kabla ya kuitazama, na hapo wanafuta maelezo yote ya kilichotokea.

Mwongozo huu unahusu nembo za metali (alumini, brasi au chuma) zinazokaa kwenye injini: kava ya klachi, kava ya magineto, kifuniko cha platini (kikatizo cha umeme wa plagi), kava ya valvu. Nembo za tangi na za pembeni hazipati joto la maana, kwa hiyo zina masharti mepesi na hatutazigusa sana.

Tazama pande zote mbili

Weka nembo kichwa chini kando ya pikipiki, penye mwanga wa jua. Angalia gundi ya zamani imebaki wapi.

Gundi yote imebaki nyuma ya nembo, na kava iko safi kama haijawahi kuguswa: kava ndiyo yenye kosa. Ilikuwa na oili, na nta ya kung'arishia, au ilikuwa laini mno. Kubadilisha aina ya gundi hakutasaidia chochote.

Gundi yote imebaki kwenye kava, na mgongo wa nembo unang'aa: kosa liko kwenye nembo. Nembo nyingi ni bati jembamba la alumini lililogongwa kwa mashine, na mgongo wake ni laini kama kioo. Nyingine zina vanishi nyuma.

Gundi imebaki pande zote mbili, imeraruka katikati kama mkate uliovunjwa kwa mkono: maandalizi yako yalikuwa mazuri. Gundi yenyewe ndiyo iliyoshindwa, ama kwa joto, ama kwa kupakwa nene, ama haikukomaa. Hapa tu ndipo swali la "ninunue gundi gani" lina maana.

Nyuma ya gundi kuna ngozi ya rangi ya fedha au nyeusi: hiyo ni rangi ya kava. Gundi ilishika rangi vizuri sana, rangi ndiyo iliyoachia alumini. Ni lazima rangi iondolewe mahali nembo inapokaa, ndani ya mstari wa nembo tu, ili nje kusionekane jeraha.

Kuna dalili ya tano inayofichika. Gundi ina madoa ya kahawia upande mmoja, kwa kawaida upande wa chini au ulio karibu na gasketi. Pitisha kidole. Kikiteleza, oili inavuja polepole na kupenya chini ya nembo. Gasketi au sili ishughulikiwe kwanza. Hakuna gundi ya dukani itakayoshika alumini inayolowa oili kila injini ikipata moto.

Pima joto la mahali penyewe

Injini inayopozwa kwa hewa haina joto moja. Kava ya klachi na ya magineto hufuata joto la oili, na katika safari ya kawaida huwa kati ya nyuzi 70 na 110 za Selsiasi. Kava ya valvu juu ya silinda hedi hupanda zaidi, na kwenye mapezi ya kupozea injini karibu na eksosi joto hupita 150 bila shida, hasa pikipiki ikiwa imekwama kwenye foleni bila upepo.

Kipimajoto cha infraredi, kile chenye umbo la bastola, kinafaa, lakini kinadanganya kwenye chuma kinachong'aa. Alumini iliyong'arishwa itakuonyesha nyuzi 50 ilhali imefika 100. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme, au chora doa kwa kalamu nyeusi ya maka, halafu pima juu ya doa hilo baada ya safari ya dakika 20.

Usipokuwa na kipimajoto, tumia tone la maji. Likikaa na kukauka taratibu, uko chini ya kiwango cha kuchemka. Likitoa mlio na kurukaruka, umekipita. Kumbuka tu kwamba Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kabale, kwenye mita 2,000 hivi, ni kama 93. Kwa kazi hii tofauti hiyo si kubwa, ila inaeleza kwa nini tone linachemka mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Ilishika siku chache, ikadondoka injini ikiwa ya moto

Sababu ya kawaida ni epoksi (gundi ya mirija miwili inayochanganywa) ya dakika tano. Watu huiamini kwa sababu inakauka ngumu kama jiwe mezani. Lakini nyingi za aina hiyo huanza kulainika kwenye nyuzi 50 au 60, na kwenye kava ya klachi hilo ni joto la kilomita chache tu. Ukiibonyeza kwa ukucha injini ikiwa moto, inabonyea kama mpira. Ikipoa inakuwa ngumu tena, ndiyo maana fundi akiikagua asubuhi haoni kosa.

Gundi ya viatu na gundi nyingine za mpira zina ugonjwa huohuo, na juu yake petroli ikidondoka kutoka kabureta inaziyeyusha. Ziache kwenye viatu.

Dawa ni epoksi ya polepole yenye unga wa chuma ndani yake. J-B Weld ya kawaida ndiyo inayojulikana zaidi: hushika baada ya saa 4 hadi 6, inakomaa ndani ya saa 15 hadi 24, na mtengenezaji anaipa kikomo cha nyuzi 287. Usiichanganye na ndugu yake ya haraka yenye jina linalofanana, kwa sababu kikomo chake ni cha chini sana. Kwa epoksi ya jina lolote lile soma kikomo cha joto kwenye lebo, na kama lebo haisemi, chukulia kwamba haifai injini.

Ilidondoka kwenye shimo la barabara, injini ikiwa baridi

Hii ni supagluu. Ina nguvu kubwa ukiivuta moja kwa moja, lakini haipendi kugongwa wala kutikiswa. Silinda moja kwenye barabara ya vumbi inaitikisa nembo bila kupumzika, na gundi inapasuka kama kioo. Tazama mgongo wa nembo: utaona ngozi nyembamba, ngavu, yenye nyufa. Pia haijazi mwanya. Kava ya zamani ina mikwaruzo na mabonde, na supagluu inashika vilele tu. Joto likikaribia nyuzi 80 nyingi zake hudhoofika, na maji huimaliza taratibu kutoka pembeni.

Kuna mahali pamoja tu tunapoiruhusu: kushikilia nembo isisogee wakati epoksi inakomaa. Tone dogo moja kila ncha, mbali na epoksi. Usiifute kwa pamba au kitambaa cha pamba, kwa maana supagluu nyingi ikilowanisha pamba hupata moto ghafla na inaweza kukuunguza kidole.

Kona zimeinuka, katikati bado imeshika

Watu hudhani ni gundi kidogo pembeni, wanaongeza, na kona zinainuka tena. Kinachoziinua ni umbo la nembo. Kava imepinda kidogo na nembo imenyooka, au nembo ilikunjwa wakati wa kubanduliwa kwa bisibisi. Ukiibana inalala, ukiachia inataka kurudi ilivyokuwa, na kila siku inavuta gundi kutoka kona. Gundi ngumu huvumilia sana kusukumwa kwa ubapa lakini huachia upesi ikibanduliwa kutoka ukingoni.

Nembo lazima ilale yenyewe juu ya kava bila kubanwa, kabla hata chupa ya gundi haijafunguliwa. Iweke kavu, igonge kwa kucha kila kona, usikilize. Kona inayolia "tik tik" haijagusa. Ipinde kwa vidole juu ya bomba lenye mviringo unaokaribia ule wa kava, kidogo kidogo, ukiwa umeifunga kwa kitambaa. Nembo yenye enameli ya kioo usiipinde hata kidogo, itapasuka. Hiyo ifanyie kazi ya kujaza mwanya kwa silikoni, au epoksi iliyojazwa chuma.

Kona pia huinuka pale metali mbili zinapotanuka tofauti. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha kawaida. Nembo ya chuma ya milimita 80 juu ya kava ya alumini, joto likipanda nyuzi 100, kava inaizidi kwa karibu milimita 0.09. Ni unene wa karatasi, lakini unarudiwa kila safari. Nembo ya brasi inazidiwa kwa milimita 0.03 tu, na ya alumini haina tofauti. Kwa hiyo nembo ndefu ya chuma inahitaji gundi inayonyumbuka, wakati nembo fupi ya alumini inakubali epoksi ngumu bila malalamiko.

Epoksi bado inanata kesho yake

Vitu vitatu. Kipimo kilikosewa, haikuchanganywa vya kutosha, au kulikuwa na baridi.

Kipimo hukosewa zaidi kwenye kazi ndogo. Nembo ya milimita 60 kwa 20, yenye tabaka la gundi la milimita 0.2, inahitaji robo ya mililita tu. Ukijaribu kuchanganya kiasi hicho, tofauti ndogo kati ya tone hili na lile inaharibu uwiano. Kamua mistari miwili ya urefu na unene sawa, jumla yake isipungue mililita 2, na itakayobaki itupe. Ni hasara ndogo kuliko nembo.

Changanya kwenye kipande cha kigae au kioo, si kwenye karatasi ya boksi inayonyonya. Tumia kijiti bapa, dakika 2 kamili, ukikwangua pembeni na chini na kukunja katikati. Epoksi yenye unga wa chuma ina mirija miwili ya rangi tofauti, na hiyo inakusaidia: mistari ya rangi ikiwa bado inaonekana, hujamaliza.

Usiongeze kikaushio (mrija wa pili, wa kukomazia) ili ikauke haraka. Kikaushio cha ziada hakina kitu cha kushikana nacho, kinabaki kama mafuta ndani ya gundi na kuifanya laini milele.

Baridi ya usiku wa Kabale au Kapchorwa inachelewesha epoksi sana. Weka balbu ya zamani ya waya, au taa ya kupashia vifaranga, umbali wa sentimita 40 hivi, kava ifike nyuzi 40, uiache saa 4. Sigiri ya makaa usiikaribishe kamwe palipo na asetoni na petroli.

Wakati wa mvua kuna jambo jingine: uso wa epoksi unakuwa na utando unaoteleza kama nta, ingawa ndani imekomaa. Ni unyevu wa hewa umeungana na kikaushio. Pembeni mwa nembo haudhuru, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ila kama unataka kupaka tabaka la pili, usipouosha, tabaka hilo litabanduka.

Silikoni imekauka pembeni, ndani ni laini kama dawa ya meno

Silikoni ya gasketi, ile mafundi wanayoiita gasketi meka, haikauki kwa kupoteza maji. Inakomaa kwa kupata unyevu kutoka hewani. Nembo ni chuma, kava ni chuma, kwa hiyo unyevu una njia moja tu, kupitia pembeni. Silikoni hukomaa kama milimita 2 au 3 kwa siku. Nembo yenye upana wa milimita 40 iliyopakwa silikoni kama siagi kwenye mkate itachukua zaidi ya wiki, na katikati huenda isikomae vizuri.

Paka mistari myembamba, sambamba, yenye nafasi ya milimita 4 kati yao, iishie ukingoni ili hewa ipite. Bonyeza mpaka mistari itanuke lakini isiungane. Siku ya tatu ndipo uzibe ukingo kwa mstari mwembamba ili maji yasiingie. Usiwashe injini kabla ya hapo.

Harufu nayo iangalie. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokomaa, na asidi hiyo hula brasi na shaba. Ukiona kijani pembeni mwa nembo ya brasi wiki chache baadaye, umeshajua ilikotoka. Nunua isiyonuka siki, ambayo mara nyingi lebo yake inasema ni salama kwa sensa za injini.

Silikoni ina faida kubwa ya kunyumbuka na kuvumilia joto la nyuzi zaidi ya 200. Ina ubaya mmoja ambao watu wanaujua wakishachelewa: ikishapakwa mahali, hakuna gundi nyingine itakayoshika hapo isipokuwa silikoni tena, mpaka uiondoe yote. Haiyeyuki kwa asetoni. Ni kukwangua kwa kipande cha plastiki, kisha msasa, kisha kufuta, kisha msasa tena. Na petroli inaivimbisha, kwa hiyo chini ya kabureta inayodondosha haifai.

Tepu ya povu inateleza, nembo imeshuka

Tepu ya pande mbili ya dukani, ile nyeupe ya kubandikia picha ukutani, haina kazi kwenye injini. Tepu ya povu la akriliki ni jamii nyingine. Kwa mfano 3M VHB 5952 huvumilia nyuzi 93 kwa muda mrefu na 149 kwa muda mfupi. Hiyo inatosha kava ya magineto kwenye pikipiki nyingi, haitoshi kava ya valvu.

Ikiteleza, kwanza uliza ilibanwaje. Tepu hii inahitaji msukumo wa kilo 1 hivi kwa kila sentimita ya mraba. Nembo ya milimita 60 kwa 20 ni sentimita za mraba 12, yaani kilo 12. Kidole gumba hakifiki hapo kwa nembo nzima. Weka kipande cha mbao laini juu ya kitambaa, egemea kwa kiganja, hesabu mpaka 15. Baada ya dakika 20 tepu ina nusu ya nguvu zake, baada ya siku moja asilimia 90, na inakamilika baada ya saa 72. Anayebandika asubuhi na kupeleka pikipiki kuoshwa kwa pampu mchana, amejitakia.

Unene wake pia ni tatizo. Tepu hiyo ina milimita 1.1. Kama nembo inakaa ndani ya kishimo kilichochongwa kwenye kava, itachomoza nje na mdomo wa pampu ya maji utapata mahali pa kuiinulia. Pima kina cha kishimo kwanza, na utafute tepu nyembamba zaidi kama ni cha kina kidogo.

Ukungu mweupe umezunguka nembo

Ni mvuke wa supagluu. Hutokea ikiwa umepaka nyingi, mahali pasipo na hewa inayopita. Kwenye kromu unatoka kwa kung'arisha. Kwenye rangi nyeusi isiyong'aa, mara nyingi hautoki wote.

Rangi ya maandishi kwenye nembo imeyeyuka

Asetoni au thina imefika mbele. Herufi nyekundu na nyeusi za nembo nyingi ni rangi ya kawaida iliyojazwa kwenye mabonde, na asetoni inaila kwa sekunde. Mgongo ufute kwa kitambaa kilicholowa kidogo, usitumbukize nembo kwenye chombo. Na kabla ya yote, hakikisha ni metali kweli. Plastiki iliyopakwa kromu inafanana sana, sumaku haikusaidii kwa sababu hata alumini na brasi hazivutwi, ila uzito na baridi yake mkononi vitakuambia.

Chumvi nyeupe inatokeza pembeni

Maji yameingia kati ya nembo ya brasi au ya chuma cha pua na kava ya alumini. Metali mbili tofauti zikiwa na maji katikati, alumini ndiyo inayoliwa. Unga mweupe unavimba na kuisukuma nembo nje kutoka chini. Bandua, safisha mpaka chuma kitupu, na safari hii gundi ifunike mgongo wote bila mwanya, ukingo ukiwemo. Tabaka lenyewe la epoksi huzuia metali zisigusane.

Kuandaa

Kwanza futa, halafu piga msasa, halafu futa tena. Anayeanza na msasa anaisukuma oili ndani ya mikwaruzo, na haitatoka.

Petroli na dizeli huondoa uchafu mzito lakini huacha utando wa mafuta, kwa hiyo zisiwe za mwisho. Za mwisho ni asetoni safi au spiriti ya aisopropili. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha mara nyingi imetiwa mafuta ya kulinda ngozi. Sanitaiza ina gliserini. Spiriti nyingine za hospitali zina mafuta ya nyonyo. Waragi, kwa wanaouliza, ina maji zaidi ya nusu, inywe tu.

Msasa namba 120 au 180 kwenye kava, 240 kwenye mgongo wa nembo nyembamba. Zungusha tepu ya karatasi nje ya mstari wa nembo ili msasa usitoroke. Sugua kwa kuzungusha, sio upande mmoja, mpaka mng'ao wote ufe.

Kisha jaribio la maji. Nyunyiza maji safi kidogo. Yakitandaa kama kitambaa chembamba, uso ni safi. Yakijikusanya matone kama kwenye jani la gimbi, bado kuna mafuta, rudia. Kausha vizuri, futa mara ya mwisho kwa kitambaa cheupe kisicho na manyoya, na ubandike ndani ya saa moja. Alumini hujenga ngozi ya oksidi tena papo hapo, na vumbi la gereji halingoji.

Dawa za kung'arisha tairi na plastiki zisipulizwe jirani siku hiyo. Nyingi zina silikoni, na inaruka mbali.

Kubandika kwa epoksi

Ukiibana nembo kwa nguvu, gundi yote inatoka pembeni na tabaka linalobaki ni jembamba mno kuvumilia mtikisiko. Kata nyuzi mbili za shaba kutoka ndani ya waya laini wa umeme, unyuzi mmoja una unene wa milimita 0.2 hivi. Zilaze kwenye gundi, moja kila upande, zisifike ukingoni. Nembo itakaa juu yake na tabaka litakuwa sawa kila mahali.

Paka gundi pande zote mbili, nyembamba, ukiikandamiza kwa kijiti iingie kwenye mikwaruzo. Laza nembo kuanzia upande mmoja ili hewa isukumwe nje. Shikilia kwa tepu ya karatasi mistari mitatu, au kwa mfuko mdogo wa mchanga kama kava imelazwa mezani. Kava iliyofunguliwa na kulazwa ndiyo njia bora, kwani kwenye injini iliyosimama nembo itateleza usiku kucha. Gundi iliyotoka pembeni ifute ikiwa bado mbichi, kwa kijiti cha meno chenye kitambaa kilichoguswa spiriti kidogo tu.

Acha saa 24 kamili. Vaa glavu: epoksi ikikuzoesha ngozi mara kwa mara, siku moja mwili utaikataa kwa vipele.

Nembo ilikuwa na pini

Pikipiki nyingi za zamani za Uingereza zilifungwa kibati kwa pini ndogo zinazogongwa. Kama matundu ya asili bado yapo, tumia pini, gundi iwe msaidizi. Pini iliyolegea kwenye tundu huimarishwa kwa tone la gundi ya kufungia bearing, ile inayokauka penye chuma pasipo hewa. Usitoboe tundu jipya. Ukuta wa kava una unene wa milimita chache tu, na upande wa pili kuna oili.

Kwenye mapezi ya silinda na ngao ya eksosi usipoteze muda na gundi kabisa. Huko ni skrubu, waya au pini.

Kibati chenye namba kisiguswe kwa msasa upande wa mbele, na namba ya injini isifunikwe na nembo wala gundi.

Kuibandua bila kuikunja

Bisibisi ndiyo iliyokunja nembo nyingi. Pasha kava kwa mashine ya hewa moto, polepole, mpaka nyuzi 100 kwa epoksi ya kawaida, kisha pitisha uzi wa kuvulia samaki au waya mwembamba wa gitaa nyuma ya nembo, ukivuta kushoto na kulia kama msumeno. Kwa epoksi yenye unga wa chuma uzi utakatika, tumia waya, na uwe na subira. Nembo ya enameli usiipashe moto wa ghafla. Tumia waya pekee, kidogo kidogo kutoka kona, hata ikichukua jioni nzima.

Ukishabandika upya, safari ya kwanza iwe fupi, dakika 15. Injini ikiwa bado moto, vaa glavu na ubonyeze kila kona kwa kijiti cha mbao. Kona ikisogea, ifungue siku hiyohiyo, kabla vumbi na oili havijaingia na kukuharibia msasa wote uliopiga.